Upenu wa Upande wa Ziwani

Mume wangu, Baba Kulwa,

Mwandiko huu huujui. Ulipoondoka nilikuwa sijui hata kushika kalamu. Nimejifunza baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima, tukikaa na wanawake wenzangu ndani ya ghala la pamba, nguo zikijaa vumbi jeupe. Siku moja mwalimu alituambia kila mtu aandike barua kwa aliye mbali naye. Wenzangu wakawaandikia watoto wao walioko Shinyanga na Dar es Salaam. Mimi nilisema sina mtu wa kumwandikia. Nilidanganya.

Nataka kukusimulia habari za nyumba. Nyingine unazijua, maana tulikuwa wote. Nyingine zimetokea wewe hupo.

Unaikumbuka siku tulipohamishwa kutoka mlimani. Lori lilisimama chini kwenye mawe kwa sababu njia ilikuwa haipandiki, tukabeba vyombo kichwani, wewe umembeba Doto mgongoni kama mwanamke, pacha wake Kulwa ananishika kanga. Vijana wa operesheni ya vijiji hawakuwa watu wabaya. Mmoja alinisaidia kubeba mtungi, akaniita mama. Lakini tulipokwisha kutoka walipanda juu ya msonge wa baba yako, ile nyumba ya duara, wakaufumua paa, ili tusirudi. Mama yako alikuwa amesimama chini ya mwamba, mikono kifuani. Hakulia. Aliuliza tu, "Wanatoa nyasi za nini? Nyasi zina kosa gani?" Wewe ukamshika bega, ukamgeuza asione.

Kule chini, ng'ambo ya Mkolani kuelekea Buhongwa, tukapewa kiwanja. Nyumba zote kwenye mstari mmoja, milango yote ikitazama barabara. Tulijenga harakaharaka kama watu wanaokimbizwa: miti myembamba, fito, udongo wa pale pale, paa fupi lililoishia juu ya ukuta kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Mama yako alifika, akaizunguka mara moja, akakataa kulala ndani. Akaenda kukaa kwa mdogo wako Masanja, upande wa pili wa kijiji. Alituambia, "Nyumba hii imesimama uchi."

Tulidhani ni hasira za uzee. Kisha mvua zikaanza. Unajua mvua za kwetu, zile za asubuhi zinazotoka ziwani zikiwa zimelala, hazishuki kutoka juu bali zinakuja ubavuni. Mimi niliyezaliwa Ukerewe nilikwambia, "Huu upepo utakula ukuta." Na kweli uliula. Udongo wa upande wa ziwani ulimong'onyoka mpaka fito zikaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Tulihamisha kitanda cha watoto kutoka pembe hii hadi ile. Doto akakohoa, akakohoa, mpaka nikawa naogopa anaponyamaza kuliko anapokohoa.

Alipopata nafuu, asubuhi moja ulitoka nje ukasimama mbele ya nyumba, mvua ikikunyeshea, ukaitazama kwa muda mrefu. Nikakuita ndani ule uji. Uliporudi ulikuwa umelowa na unacheka, na mimi sikuwa nimekuona ukicheka tangu mlimani.

"Mama Kulwa," ukasema, "hatujajenga nyumba. Tumejenga kuta. Ndani hakuna tatizo, tatizo liko nje."

Ukaanza kunieleza, ukichora kwa kidole kwenye majivu ya mekoni. Kwamba msonge wa baba yako ulikaa miaka yote ile si kwa sababu ya miti migumu, bali kwa sababu paa lilishuka chini likaufunika ukuta kama kuku anavyofunika vifaranga. Kwamba baba yako aliweka mawe chini kwanza, udongo usiguse ardhi yenye maji. Kwamba mlango haukutazama ziwa hata siku moja. Kwamba uzio wa minyaa haukuwa wa kuzuia ng'ombe peke yake, ulikuwa wa kuuvunja upepo kabla haujafika. "Tunaambiwa nyumba iwe ya pembe nne, sawa," ukasema. "Pembe nne hazikatazi upenu." Nilikuwa sijawahi kukusikia ukiongea maneno mengi kiasi kile kwa mara moja.

Ukachimbia nguzo mbele na ubavuni, za kubeba upenu mpana na baraza chini yake. Ndipo alipokuja katibu wa kijiji. Nakumbuka alivyovua kofia mlangoni. Mlisalimiana vizuri, nikawaletea viti.

"Ndugu," akasema, "nguzo zako za mbele zimetoka nje ya mstari."

"Zimetoka hatua moja tu."

"Nikikuruhusu wewe hatua moja, mwenzako atataka mbili. Kesho barabara itakuwa uchochoro. Na wakubwa wakija kukagua nitawaambia nini?"

"Waambie mvua nayo ilikuja kukagua," ukamjibu.

Nikaogopa. Lakini yule bwana aliinamisha kichwa, akaangalia ukuta uliolika, akamwangalia Doto aliyejifunika shuka mchana. Akasema taratibu, "Mbele ni kwa kijiji, Baba Kulwa. Ubavuni ni kwako." Ukakubali. Uling'oa nguzo za mbele mwenyewe, mbele ya macho yake, ukazihamishia zote upande wa ziwani. Alipoondoka nikakuuliza kama umeumia. Ukasema, "Hapana. Upande wa ziwani ndiko kwenye adui."

Zile zilikuwa siku zetu nzuri za mwisho, na hatukujua. Jioni baada ya shamba la kijiji tulifunga fito pamoja kwa kamba za katani, wewe juu, mimi chini nakurushia. Vidole vyangu vilichubuka, nikalalamika, ukaniambia, "Lalamika tu, lakini usilegeze." Majirani walipita wakitania kwamba Baba Kulwa anaivalisha nyumba koti la mvua. Mama Nyamizi, wa nyumba ya pili, yeye hakutania. Alisimama, akauliza upenu unapaswa ushuke mpaka wapi. Ukaweka kiganja ubavuni mwako, ukamwambia, "Mpaka hapa."

Yalibaki mawe ya kuzungushia chini ya ukuta. Mawe hayakosekani Mwanza; popote ukigeuka ni mwamba umekaa juu ya mwamba. Lakini wewe ulitaka yale ya msingi wa baba yako, kule mlimani. Nilikuuliza kwa nini ujisumbue. Ukasema yamekwisha kuzoea kubeba nyumba yetu. Ukaazima mkokoteni wa Masanja, ukawa unauacha chini pale lori liliposimama. Safari za kwanza ulirudi salama, umechoka, una furaha, ukiyapanga mawe kwa saburi kama mtu anayepanga meno.

Asubuhi ile nilibaki nikikanyaga udongo wa kusiriba ukuta, udongo wa kichuguu, samadi na majivu. Ukiondoka ulisema, "Usisahau majivu, mchwa hawayapendi." Nikakwambia nenda bwana, mimi si mtoto. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Nenda bwana, mimi si mtoto.

Aliyekuja kuniambia ni Mama Nyamizi. Alikuja akitembea, hakukimbia, na nilipomwona hakimbii miguu yangu ikakataa kutoka kwenye matope. Akasema, "Mama Kulwa, acha udongo." Nikamwuliza kwa nini. Akarudia, "Acha udongo, mwenzangu." Mvua za msimu zilikuwa zimelegeza mwamba ule mkubwa ulio juu ya boma la zamani. Wewe ulikuwa umeinama unang'oa jiwe mwamba ulipoporomoka. Walisema hukuteseka. Kila mfiwa huambiwa hivyo.

Tulikuzika kule kule mlimani, ndani ya boma la baba yako. Katibu alichimba kwa mikono yake. Hakutuuliza kwa nini hatukukuleta kwenye makaburi ya kijiji.

Sasa nakwambia usiyoyajua.

Niliichukia nyumba. Watu walikuja kunipa pole, wanakaa kwenye baraza, wanasifia kivuli na ukavu wake, na mimi moyoni nasema, kivuli hiki kimemla mume wangu. Udongo niliokanyaga ulikauka pale pale, nyayo zangu zikiwa ndani yake. Upenu ulikuwa umeezekwa nusu. Mawe yalikuwa yamefika katikati ya ukuta wa ziwani na kukoma. Masanja alitaka kuja kumalizia, nikamfukuza. Nikasema mvua ije iiangushe, nami niwe ndani. Doto akaanza kukohoa tena, na hata hilo halikuniamsha. Kulwa ndiye aliyekuwa akimchemshia maji.

Aliyeniamsha ni mama yako. Alikuja asubuhi na fimbo yake na debe la maji. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule udongo uliokauka, akaumwagia maji, akavua viatu, akaanza kukanyaga. Mwanamke wa umri ule, Baba Kulwa! Nilitoka nikamwambia mama, utaanguka. Akanishika mkono, nikadhani anataka nimsaidie kutoka. Akanivuta niingie.

Tulikanyaga. Machozi yake yalikuwa yanadondoka mle mle udongoni na yangu pia, na hakuna aliyemfuta mwenzake. Baadaye akasema, "Mwanangu alijua miti, alijua mawe. Ukuta ni kazi ya wanawake. Angeniita." Akaugeuza udongo kwa mguu. "Sikuja mwenyewe. Nilikuwa nimewanunia."

Akanifundisha. Tabaka la kwanza zito, liachwe likauke mpaka lipasuke. La pili jepesi, lenye majivu mengi, lipakwe kwa kiganja si kwa ubao. Kabla halijakauka akapitisha vidole vyake vinne kutoka juu hadi chini, ukuta mzima, mistari iliyopinda kidogo kama maji yanayotembea. Nilidhani ni pambo. Akasema ni pambo na ni njia, tone la mvua likifika lisikae kufikiri, lishuke. Chini akapaka udongo mwekundu, juu udongo mweupe wa mtoni. Wanawake wa mstari wetu wakaanza kuja na madebe yao. Masanja akamalizia ezeko. Mawe yaliyopungua tuliokota hapa hapa kijijini. Kule mlimani hakuna aliyekwenda.

Tulipanda minyaa pia. Mvua zilizofuata zilikuja zimelala kama kawaida yake, zikapiga, zikashuka kwenye mistari ya vidole vya mama yako. Ndani kulikuwa kukavu. Nililala chini nikasikiliza mvua ikihangaika nje, na nililia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu ulikuwa umesema kweli na hukuwepo nikuambie.

Mama Nyamizi aliongeza upenu kwake, na wengine baada yake. Ukipita barabarani unaona mstari ulionyooka kama walivyotaka. Ukizunguka upande wa ziwani unaona sisi.

Lakini kijiji kinaisha, Baba Kulwa. Siku hizi hakuna anayemzuia mtu, na mmoja mmoja wanarudi kwenye maboma ya zamani. Anayeondoka anang'oa mlango na nguzo, anaacha kuta, na mvua inazimaliza. Mama Nyamizi amekwenda kwa wanawe. Katibu alihamishwa. Mama yako alitutoka kiangazi kilichopita, amelala pembeni yako. Kwangu ndiko alikofia, ndani ya nyumba aliyokataa kulala.

Juzi Masanja alikuja. Amekwisha kujenga mlimani, nyumba nzuri, ameipa upenu mpana. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, kaburi la kaka liko kule. La mama liko kule. Hapa mnamlinda nani?"

Nikamwambia, "Kule kuna mwamba."

"Mwamba ulikwisha kuanguka, shemeji."

"Kwako," nikamwambia. "Kwangu bado unaanguka."

Ndipo Doto akasema, bila kunitazama, kwamba yeye anataka kwenda. Amekuwa mrefu, ana mabega yako. Akasema, "Mama, mimi namkumbuka baba kule. Hapa simkumbuki, hapa nilikuwa mgonjwa tu." Unaona tulivyogawanyika? Yeye anakupata kwenye kaburi, mimi nakupata ukutani. Nimekaa na maneno yake mpaka leo na sioni pa kumlaumu. Mtoto hawezi kuambiwa amkumbuke baba yake kwenye sehemu ninayoitaka mimi.

Nikamfungia nguo zake. Leo asubuhi wameondoka, yeye mbele, Masanja nyuma. Kulwa alisimama barabarani akawatazama mpaka walipopotea kwenye mawe. Hawajawahi kutengana wale, tangu tumboni. Alipoingia hakulia. Alichukua ufagio akafagia upande wa Doto wa chumba, akakunja mkeka wake, akausimamisha ukutani. Kisha akaniuliza kama tupike ugali uleule wa siku zote, au tupunguze unga.

Nikamwambia tupunguze.

Mbaki salama huko mlimani, wewe na mama. Kijana wako anakuja. Mpokeeni, na mkiweza mwambieni asisimame chini ya mawe.

Mimi mkeo, niliyebaki nyumbani kwako,
Mama Kulwa