Kijani Unachokiona Huko

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, nguo bado hazijakauka

Mpendwa mwanangu,

Basi pale simu ilipokatika sikuwa nimekwambia bado, baba yako kaisukuma sahani kama karani anayekataa rushwa mbele za watu.

Eh, hata sijakusalimu! Hujambo? Mumeo yale mafua yameisha? Huku tuko wazima, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako yupo, sauti anayo. Mgonjwa ni yule yule, baba yako, na figo zile zile.

Daftari ulilotuwekea kwenye simu nalitumia. Usicheke. Mimi shangazi yako niliyeishia darasa la tatu leo napima wali kwenye mizani kama muuza dhahabu! Napima sahani ikienda, napima ikirudi, naandika, simu inatoa hesabu ya chumvi, protini na hiyo potasiamu, jina kama la mwanamke wa maringo. Si ulisema mtu analipanga apendavyo? Nami nimeongeza kisanduku changu: "Amecheka".

Sasa sikiliza. Unajua sisi tunakula sinia moja tangu hujazaliwa. Lakini sinia halina mpaka, tonge la nani utalipima vipi? Ndiyo tukamtengea baba yako sahani yake na kijimeza chake, chakula hakina chumvi, maharage hayamo. Mama yako akatandika na kitambaa cha maua, maskini.

Siku ya kwanza akatutazama tulivyolizunguka sinia, akasema, "Hata kuku wa nyumba hii wanadonoa pamoja." Tukacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, "Kaka, si amri ya daktari?" Akanijibu, "Daktari kakataza chumvi. Nyinyi mmekataza watu."

Tukajaribu sinia zima liwe bila chumvi, wote tule chakula chake. Akanuna, eti hataki kuhurumiwa na nyumba nzima kwa mkupuo. Akarudi kwenye kijimeza.

Tangu hapo ni matonge mawili, kashiba. Zile suruali alizojishonea anazifunga kwa kamba. Nikamwambia, "Wewe fundi mzima, si uzipunguze?" Akasema hakuna haja ya kupoteza uzi. Mwanangu, neno lile lilinikaa hapa kifuani.

Na wewe huko unafungua daftari, unaona kijani kitupu, unatutumia vidole gumba na maua. Kijani hicho ni sahani inayorudi jikoni bado imejaa. Ulipanga kitu kikizidi kiwe chekundu. Kikipungua hukupanga kitu, na nani angefikiria? Kwenye simu siwezi kukwambia, yeye anakaa pale pale ubavuni, masikio kama sungura. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tukimrudisha kwenye sinia, figo zitagoma. Tukimwacha kwenye kijimeza, atakwisha huku tunamtazama. Daktari nikimuuliza anataka kwanza aone daftari, akiliona anatusifu. Mdomo wangu huu unaojua nani kagombana na nani mtaa mzima, hapa umekauka. Wewe uliyesoma, ongeza basi rangi nyingine. Au niambie tu cha kufanya. Kile kisanduku changu kiko kitupu tangu tulete kile kijimeza.

Msalimie mumeo, na binamu yako fundi bomba akipita kwenu mwambie mama yake anamuulizia, na mimi namuulizia zaidi maana nasikia ana mchumba. Mungu akulinde ukilala na akutangulie ukitoka. Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kuliko

Ngoja, mama yako ananiita kwa ile sauti ya nyumba inaungua. Anasema baba yako kabeba sahani yake, kaimwaga yote katikati ya sinia letu, juu ya mchuzi, kanawa, kakaa chini na watu. Anakula. Anakula, mwanangu! Namsikia anacheka na tonge mdomoni. Na simu hii imewaka hapa inaniuliza kala kiasi gani, sasa niandike

Naitwa tena, nakwenda.