Namba ya Mlangoni

Jumapili, Kitale. Mvua imeanza saa tisa na bado inanyesha. Nimerudi kutoka kwa Baba, Lugulu, na daftari arobaini za kidato cha tatu nilizokwenda nazo. Imesahihishwa moja tu, na hiyo moja sikuisahihisha mimi.

Baba alifundisha kemia Bungoma mpaka alipostaafu. Mimi naifundisha hapa Kitale kwa sababu yake. Sasa akili inampotea, na tangu Krismasi hajanitambua. Huniita "madam" na kunikaribisha chai kama mgeni. Nainywa na kumshukuru.

Kuna neno moja ninalolingoja kila nikienda. Mimi ni Nekesa, jina la mama yake Baba, na kwetu mtoto akirithi jina la nyanya, baba yake humwita mama. Kwa hiyo Baba hakuwahi kuniita Nekesa. Aliniita Mayi, yaani mama kwa lugha yetu.

Leo nilifungua daftari ya kwanza mezani kwake. Mwanafunzi alikuwa amechanganya asidi na alkali, akapata chumvi na maji, lakini hakulinganisha:

H₂SO₄ + NaOH → Na₂SO₄ + H₂O

Baba aliinama akatazama. Kisha akachukua kalamu yangu nyekundu bila kuniomba.

"Ati sodiamu huku moja, kule mbili? Si uringanishe." Ile r yetu ya Bungoma haijamtoka. "Namba ndogo ni ya ndani ya nyumba, usiiguse. Wewe weka yako mrangoni."

Ndivyo alivyonifundisha mimi, kwa maneno hayo hayo, kwenye meza hiyo hiyo. Akaandika 2 mbele ya NaOH na 2 mbele ya H₂O, polepole. Pande zote mbili zikawa sawa.

Naona aibu kuandika hili: niliionea wivu sodiamu. Yeye anaikumbuka.

Akainua uso, akanitazama.

"Mayi."

Nikasogeza kiti karibu, nikamshika mkono.

"Mayi, ona. Mwalimu ametufundisha leo. Nimepata?"

Hakuwa ananiita mimi.

Alikuwa anamwonyesha mama yake kazi ya shule, Nekesa yule mwingine, tuliyemzika nikiwa darasa la nne. Alikuwa ananingoja niseme kitu, kalamu bado mkononi.

"Umepata, mwanangu," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha. Mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku, nikalia mpaka shangazi anayemtunza akaja kuniuliza kama nimeumwa na siafu.

Daftari hiyo iko mbele yangu sasa. Nimeshindwa kuitia alama, na kesho mwanafunzi mwenyewe ataidai.

Jumapili ijayo nitampelekea nyingine ambayo haijalinganishwa. Akiita Mayi, nitaitika.