Jamvi la Mzee Faki

Baba Salma, mume wangu,

Mola akupanulie kaburi. Nakuandikia kwa mwandiko wangu ule ule wa chuoni, uliokuwa ukiucheka kwamba unachechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Cheka tu. Leo nina la kujigamba.

Unalikumbuka jamvi la jirani yetu Mzee Faki? Msimu ule wa kwanza alilivusha mfenesi wa mpakani pima moja tu, aanike karafuu uwanjani kwetu. Nikanuna. Ukaniambia, "Bi Mize, jamvi ni ukili tu, halina mizizi." Kweli, mizizi halina, lakini miguu linayo! Ulipofariki likaongeza mwendo. Mwaka huu lilifika kaburini kwako, hata siku ya kukusomea khitma nilikaa upande upande. Tena nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia wachumaji, "Anikeni pale uwanjani kwangu." Kwangu!

Nikajifunga kibwebwe kwa kanga ile uliyoniletea kutoka Mkoani (mpya hazipatikani, vita vya Wazungu hivi), nikamtukane. Salma akanishika mkono. "Mama, ngojea mvua."

Ikaja Jumatatu, ghafla, Mzee Faki na wachumaji wake wako shambani. Mwanao, niliyemzaa mimi, usisahau, akaanua kila punje iliyokuwa upande wetu, zetu na zake, akaziingiza ndani. Mzee Faki akaja mbio, kalowa chepechepe, wachumaji nyuma yake.

"Karafuu zangu ziko wapi?"

"Shikamoo, babu. Sisi tumeanua za uwanjani kwetu tu. Zako zilikuwa wapi?"

Akautazama mfenesi. Akawatazama wachumaji. Mmoja akakohoa, na kikohozi hana.

"Zilikuwa... kwenu, mwanangu."

"Basi chukua, babu. Kavu hizo."

Akampa zote, hata kikonyo hakikupungua. Jua lilipotoka akamsaidia kuzianika, ng'ambo ya mfenesi. Umeona? Upole kaurithi kwako. Akili sisemi kaitoa wapi.

Tangu siku ile Mzee Faki hupiga hodi kule kule mpakani, na juzi kaniletea muhogo. Nimeupokea. Ungenitaka niupokee.

Leo nimefagia ubavuni mwako, nikatandika mkeka, nikakaa kitako, miguu nimeinyoosha. Ah, baba... ningekuwa na wewe tukakaa hivi.

Lala salama, mume wangu. Mfenesi ule ukianguka, nakuahidi, tutapanda mwingine, shimo lile lile.

Mkeo, Mize,
mama yake Salma.