Ulezi kwenye Bakuli la Mata

Jumapili, 8 Oktoba
Sijawahi kumwambia mtu. Nyumbani huwa nasema naenda kwa Nirmala kufanya hesabu. Hesabu tunazimaliza kwa nusu saa. Halafu nakaa jikoni na bibi yake, ambaye wote tunamwita Ba. Napapenda pale kuliko kwetu. Baba ni mzee wa kanisa. Akijua leo nimekaa wapi baada ya ibada, sijui itakuwaje.

Sikukuu yao imeanza, Navaratri. Usiku tisa wa mungu wao wa kike. Humwita Mata, yaani Mama. Ba alijaza udongo kwenye bakuli pana, akapanda ngano. Kando akaweka chungu chenye matundu, taa ndani. Chungu ni tumbo la mama, alisema. Taa ni uhai. Nimeandika nisisahau.

Kisha habari mbaya. Baba yake Nirmala ameitwa na kaka yake aliyeko Mwanza. Duka lao hapa Tarime halina bidhaa, zote huenda kwanza duka la ushirika. Yeye anataka kuhama. Ba amesema tungoje ngano. Ikistawi hadi siku ya tisa, Mata anataka wabaki. Isipoota, wataondoka. Mwanawe amekubali.

Nirmala ndiye rafiki yangu pekee. Darasani siongei na mwingine.

Jumanne, 10 Oktoba
Shamba la shule mpaka saa tisa. Malengelenge. Kisha kwa Ba.

Ba hali nafaka siku zote tisa. Maziwa, ndizi, karanga, viazi vitamu. Alinisimulia asili ya sikukuu. Kulikuwa na jitu lenye umbo la nyati. Miungu wanaume walishindwa, wakampa Mata silaha zao. Alipigana siku tisa, ya kumi akaliua. Nilimwambia hilo nalielewa. Nyati walimaliza shamba la mjomba kule Mbalibali, na wanaume wote walikuwa juu ya miti. Ba alicheka mpaka akashika ubavu.

Bakuli bado udongo mtupu.

Alhamisi, 12 Oktoba
Hakuna kitu. Nilichimba kwa kidole. Mbegu imeoza. Ngano ya debe la zamani, imetobolewa na wadudu. Mtoto yeyote wa mkulima angejua. Ba anainyunyizia maji na kuimba polepole.

Baba Nirmala alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Ba, udongo umeshajibu."

"Nimesema siku tisa," Ba alisema. "Wewe hujui kuhesabu, na una duka?"

Nirmala hakucheka.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimefanya.

Mama ameanika kimea cha togwa. Kingine bado kimefunikwa kwa majani ya mgomba, ulezi umechipua, mizizi myeupe kama nyuzi. Nilichukua konzi moja, nikaifunga kwenye leso. Ba alipokwenda kuoga nilifukua ngano, nikapanda ulezi. Nikasawazisha udongo kwa kiganja.

Nimemwibia mama. Nimedanganya mbele ya mungu wa watu. Nilidhani nitaona aibu. Naona furaha. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili, 15 Oktoba
Kijani. Bakuli zima.

Nirmala alinivuta mkono kutoka barabarani. Jioni jua halijazama walicheza, wanawake wanne tu, wakizunguka chungu na kupiga makofi. Nilizunguka nao. Mimi ambaye siwezi kusimama kujibu swali darasani. Kwenye duara hakuna anayekuwa mbele.

Baba Nirmala ameandika barua Mwanza kwamba hawaendi. Itaondoka na basi la Jumatano.

Nilipata nilichotaka. Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 16 Oktoba
Siku ya tisa. Ba alichuma majani machache, akachomeka moja nyuma ya sikio la mwanawe, ndiyo desturi. Yule mzee ambaye hacheki alikaa nalo mchana kutwa, akiuza chumvi na viberiti. Wateja walimtazama. Hakulitoa.

Ananiamini mimi, na hajui kwamba ni mimi.

Jumanne, 17 Oktoba
Siku ya kumi majani hupelekwa majini. Nilimbebea Ba bakuli mpaka kijitoni. Nilimwambia huko. Nilisema yote kwa mara moja, nikitazama miguu yangu.

Ba alivunja jani moja akalinusa.

"Nililima kwetu kabla mama yako hajazaliwa," alisema. "Jani la ngano ni pana. Nilijua juzi."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilimuuliza Mata kama kuna anayetaka tubaki. Nikaona yupo." Akanipa bakuli. "Lakini mwanangu hajui. Mwambie wewe, binti. Kabla ya basi."

Tuliyaachia majani, maji yakayachukua. Nilirudi peke yangu mpaka dukani. Nilisema shikamoo, kisha nikasema mengine. Sauti ilikatika mara mbili. Baba Nirmala alisikiliza mpaka mwisho. Alitoa barua kwenye droo, akaichana katikati, taratibu. Wataondoka shule ikifungwa Desemba. Hakunigombeza. Alisema, "Umefanya vizuri kuja."

Nirmala alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia. Alipita bila kunitazama.

Jumatano, 18 Oktoba
Nirmala aliliacha dawati letu, akakaa la mbele. Niliandika imla yote bila kukosa. Haikunisaidia.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nirmala alinisubiri getini. "Ba anasema tuna kazi," alisema tu.

Tulishusha vitambaa rafuni, vile ambavyo havijauzwa tangu mwaka jana. Yeye alikunja, mimi nilifunga kwa kamba. Aliutazama mzigo wangu wa kwanza.

"Unafunga kitambaa au ndama?"

Nilifungua, nikafunga upya. Tulifunga mizigo sita ya kwenda Mwanza. Nilifagia sakafu, nikamuaga Ba, nikaenda kuchota maji.