Filimbi ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Mfunguo Saba 1305

Uji wa asubuhi. Kijiko, kinywa, kitambaa. Kijiko, kinywa, kitambaa. Sefu amekula nusu bakuli, nusu nyingine imemshukia kidevuni. Nilipogeukia bakuli langu, uji ulikuwa umeganda juu. Nimeunywa hivyo hivyo.

Tangu Ramadhani, kiharusi kilipomwangusha mume wangu, sijala chakula cha moto. Mkono wake wa kulia hauna habari, mguu vilevile. Ulimi haumtii. Mkono wa kushoto mzima kabisa, ila hataki kula nao. Mkono ule si wa kupeleka kinywani, ndivyo alivyolelewa, na mimi pia. Shehe alikuja akamwambia mgonjwa ana ruhusa. Sefu akafumba macho. Basi namlisha mimi, asubuhi, mchana na jioni.

Nimechoka. Marehemu baba alinifunza kuandika, naona alinifunza kwa ajili ya neno hili.

Alhamisi, 6 Mfunguo Saba

Sefu ameanguka kutoka kitandani. Nilikuwa uani nasuka ukili wa mkeka, sikusikia kitu. Nimemkuta sakafuni, macho wazi, amelowa. Hawezi kuita.

Zuhura, dada yake mkubwa, anakaa nyumba ya pili. Amekuja kusema mke hakai mbali na mgonjwa. Nikaitikia, "Ndiyo, wifi." Moyoni nilitamani kumtupia mchi.

Nimewaza filimbi. Sefu alikuwa mpiga filimbi wa mji huu, harusi haikuitwa harusi bila yeye. Wapagazi wakishusha pembe zao za ndovu, kabla hawajapata hata maji, walikuwa wanamuulizia. Ile yake ya mwanzi imepasuka. Na hata ingekuwa nzima, ni ya kupulizia ubavuni, na mdomo wake umekwenda upande. Nataka ya kutia kinywani, inayotaka pumzi tu. Aweze kuniita. Sitaki zaidi.

Jumamosi, 8 Mfunguo Saba

Dukani kwa Mhindi zipo za bati, kutoka Ulaya. Nyembamba, ukingo wake unakata mdomo. Matundu sita. Nikapuliza moja, ikalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Mwenye duka mwenyewe alicheka. Akasema nikitaka filimbi ya maana nimfuate Fundi Kondo, Makurunge, anayechonga mpingo.

Makurunge, mbali kote kule. Na miguu hii.

Jumanne, 11 Mfunguo Saba

Nimekwenda. Nilifuatana na wanawake waliokuwa wanarudi mashambani. Jua kali, mchanga unaunguza hata ndani ya viatu.

Fundi Kondo ni Mkwere, mtu mkavu, haongei akishika patasi. Anachonga bakora na vitana, na filimbi akipenda. Vipande vya mpingo vimelala ndani ya mafuta ya nazi, vingine tangu mwaka juzi, ili visipasuke. Alichukua filimbi moja akapuliza. Sauti nzito, laini, haina mkwaruzo. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Hakukubali kuniuzia ile. Ina mwenyewe. Alisema matundu hukatwa kwa kufuata vidole vya mpigaji, nimletee vipimo. Bei yake mkeka mkubwa wa rangi. Ninao mmoja niliouanza kabla Sefu hajaugua, haujafika hata nusu.

Nyumbani nimemkuta Zuhura ana uji mpaka kwenye nywele. Amemlisha Sefu siku moja tu. Nimekwenda kuchekea jikoni.

Jumapili, 16 Mfunguo Saba

Niliukunjua mkono wa Sefu juu ya kipande cha ukili, nikatia alama za masizi pale vidole vilipolala. Nikaenda tena Makurunge.

Fundi alikitazama kile kipande muda mrefu. "Mama, mkono huu umelala."

Nikamweleza maradhi. Akaniuliza kwa nini basi nimemletea mkono usiofanya kazi. Kweli sikufikiri. Ukiombwa mkono unatoa wa kulia. Mwendo wote ule, jua lote lile, nimebeba vipimo vya mkono uliokufa.

Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema atachonga ya mkono mmoja. Matundu mawili juu, moja chini la kidole gumba, na vidole viwili vya mwisho viishike. Nimletee wa kushoto.

Njiani nililia. Wanawake wa shamba wakadhani nimefiwa, wakanipa pole. Nikaipokea.

Jumatatu, 17 Mfunguo Saba

Sefu aliuvuta mkono wake wa kushoto nilipotaka kuupima. Nikaushika kwa nguvu. Tumeshindana kama watoto, nikamshinda, nikaona haya.

Zuhura alisimama mlangoni. "Ndugu yangu aonekane anatia kushoto kinywani? Watu watasema hana kwao."

Kipimo nimewapa wale wanawake wa shamba wamfikishie fundi.

Jumatatu, 24 Mfunguo Saba

Mkeka umekwisha. Niliusuka na kuushona kila Sefu aliposinzia. Vidole vimechubuka, chumvi ya mboga inaviwasha. Leo nimeupeleka. Fundi aliupapasa mshono kwa mshono, akaukunja, akaingia nao ndani. Aliporudi alikuwa nayo.

Nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana. Inanukia mafuta ya nazi. Sijapata kushika kitu kilichotengenezwa vizuri namna hii, na nimeolewa na mtu aliyependa vitu vizuri. Njia nzima sikuihisi miguu.

Jumanne, 25 Mfunguo Saba

Ameitazama. Ameigusa kwa kidole. Nilipoielekeza kwenye mkono wa kushoto akageukia ukutani.

Alhamisi, 27 Mfunguo Saba

Iko dirishani. Namlisha, namfuta. Siku mbili hatutazamani.

Ijumaa, 28 Mfunguo Saba

Leo nimesema. Tonge lilimtoka, likanidondokea mapajani, na mimi nikaona basi. Nikamwambia, "Sefu, mkono wako wa kulia umekufa, na wangu unaufuata. Nikianguka mimi, utalishwa na nani?"

Nikaitupa filimbi kitandani, nikaenda kukuna nazi. Nilikuna huku nalia, hovyo kabisa, mpaka nikajikuna kidole kwenye mbuzi.

Ndipo nikasikia. Sauti moja, ndefu. Nilikimbia, nikijua ameanguka.

Hakuanguka. Alikuwa ameegemea ukuta, filimbi kinywani, mkono wa kushoto. Mate yanamtiririka. Wala hakuwa ananiita. Alikuwa anatafuta ule wimbo wa kumwingiza bwana harusi. Alikosea, akarudia, akakosea. Nilikaa mlangoni na kidole kinatoka damu. Nilifurahi na nilikasirika, yote pamoja. Miezi yote hii mkono ulikuwepo.

Zuhura naye alikuja. Alisimama nje, hakuingia, hakuondoka.

Jumatatu, 2 Mfunguo Nane

Uji wa asubuhi. Nimekaa kitandani, nimeshika kijiko. Sefu aliweka filimbi chini, akakichukua kijiko mkononi mwangu. Kwa kushoto.

Zuhura alikuwepo. Akainuka, nikadhani anakwenda zake kwa hasira. Alikwenda kufunga mlango wa mbele, kisha akarudi kukaa.

"Ale," alisema. "Watu hawatuoni."

Amemwaga mwingi, shuka itafuliwa. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwishowe nikachukua bakuli langu. Uji ulikuwa moto bado, umeniunguza ulimi.