Kamera Iliyotumwa na Mtu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Hita ya ofisi imekufa tena, na Agosti huku kusini ni baridi kali. Kazi ileile: kila kifaa cha chuo kinachovuka mpaka kiandikwe kwenye rejista, kimebebwa na nani, kwa kibali gani. Nimekwama kwenye kamera ya maabara, ile inayoona joto gizani. Kibali chake cha kwenda Lubumbashi kina jina la Pacifique, mwanafunzi wetu wa udaktari. Kamera haipo kabatini. Lakini Pacifique nimemwona kantini, anakula vetkoek, yale maandazi ya nyama! Na mkaguzi anakuja Ijumaa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimembana Pacifique. Eti, "Nimetuma na mtu, dada Arlène."

Mtu! Sisi Wakongo na huyu mtu wetu. Dawa tunatuma na mtu, wigi na mtu, hata keki ya harusi. Nikamwambia rejista haina nafasi ya "mtu". Akacheka. Mimi nilicheka baadaye, peke yangu.

Huyo mtu mwenyewe ni mama Clémentine, muuza vitenge, tunasali naye kanisa moja mtaani La Rochelle. Kapanda basi leo alfajiri, kamera kaifunga ndani ya vitenge vyake. Habari ya kibali hajui. Pacifique atafuata kwa ndege wiki ijayo — aliogopa wasimwibie uwanjani. Anamwamini mama zaidi. Hata mimi, kusema kweli.

Sasa ananiomba niandike ameibeba mwenyewe. Ikijulikana, maabara wanamfukuza, na viza ya masomo basi tena. Namhurumia sana. Nimeacha ile nafasi ya mbebaji wazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Chai sijamaliza, simu. Mama Clémentine! Amekwama mpakani Beitbridge tangu jana usiku, mizigo yote imeshushwa, kamera imeonekana. Watu wa forodha walipomuuliza kitu gani hiki, akajibu kamera ya harusi. Ofisa akaiwasha — kwenye kioo chake watu wote wekundu! Sasa wanasema ameiba, na basi linataka kuondoka. Eish, mama wa watu.

Nikampigia Pacifique. Simu imezimwa.

Mama kapiga tena, kampa ofisa simu. Sauti ya upole. Kauliza jina langu, cheo changu, na je, chuo ndicho kilichomtuma mama huyu? Nikisema ndiyo, tumevunja kibali na Pacifique amekwisha. Nikisema hapana, mama ni mwizi.

Nimeomba dakika moja. Naandika haya nikitafuta la kumjibu. Simu iko mezani, haijakatwa. Namsikia mama na Kiingereza chake cha sokoni, anamtuliza ofisa: asubiri tu, huyo binti hajui kusema uongo.