Mlio wa Saa Nilioufuta

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati – bahati yangu inatangulia mbele, inanifagilia njia! Miaka saba nasafisha sauti za watu kwenye kompyuta hii ya chumbani: hotuba za harusi, mahubiri, matangazo ya dawa ya kunguni. Sijapoteza faili hata moja. Hata moja! Wenye vyeti ukutani wanalia kila wiki. Mimi wa darasa la sita nabofya tu.

Leo kaja shangazi na simu yake. Marehemu mumewe, fundi saa, alijirekodi dakika tisa dukani kwake, akimsimulia siku waliyokutana. Shangazi anataka isikike vizuri. Nikamwambia umefika hospitali ya rufaa! Nikaihamisha, nikaifuta kwenye simu. Imejaa picha za wajukuu, haina pa kupumulia.

Jumanne, 5 Machi

Kazi tamu! Nyuma ya mzee kulikuwa na vurugu – saa zake zote za ukutani, tak-tak-tak, kama kuku wanadonoa bati. Nikaionyesha kompyuta ile kelele, nikaiambia toa. Ikatoa. Nikakata na vikohozi. Mzee sasa anaongea kama msoma taarifa ya habari. Nikasevu juu ya ile ile ya mwanzo, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Usafi! Mke wangu kauliza kama nimeweka nakala. Nikamwambia nakala ni za waoga.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi kasikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni.

"Saa ziko wapi?"

Nikacheka. Nikamweleza nimezitoa, hiyo ni zawadi yangu. Hakucheka. Anasema tangu mzee afe hakuna wa kuzitia ufunguo. Zimesimama moja moja, ya mwisho wiki iliyopita.

"Maneno yake nayajua, mwanangu. Kanisimulia mpaka nikachoka. Nilitaka kusikia lile duka."

Kasema nimrudishie ile ya mwanzo.

"Ipo, shangazi! Kwani unaongea na nani?"

Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 8 Machi

Nimepekua kila kona ya mashine. Patupu. Nikarekodi saa yetu ya jikoni, nikaizidisha mara kumi na mbili, nikaipanga nyuma ya mzee. Zikalia pamoja kama gwaride la polisi. Mke wangu kasimama mlangoni, anasema zile za mzee zilikuwa zinabishana, kila moja na wakati wake. Halafu kasema nimwambie shangazi ukweli. Rahisi kwake!

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi kaja mapema, kavaa gauni lake la maana. Yuko chumbani kwenye kiti changu, hedifoni kichwani, mikono mapajani. Mimi niko jikoni na daftari, eti napika chai. Chai imechemka mpaka imekasirika. Gwaride langu liko tayari kwenye kompyuta, ni kubofya tu.

Anaita: "Mwanangu, nibofye wapi?"

Nimejibu nakuja. Sijanyanyuka.

Basi niandike, hakuna anayesoma hapa. Ile habari ya bahati ni uongo mtupu. Faili nimepoteza kumi na moja, nazikumbuka zote. Hotuba ya baba kwenye harusi ya dada niliifuta mimi, nikasingizia umeme. Dada mpaka leo anawatukana watu wa umeme.